Kibwana wa saa kumi na nusu

*Lupango mmoja wa Zone Industrielle, Bujumbura, umegombana wiki tatu kwa ajili ya mtoto wa mbwa anayeamka kabla ya adhana. Mwandishi wetu, ambaye ndiye mwenye mbwa, alikesha dirishani kutafuta ni nani hasa anayemwamsha.*

Kwanza ni kucha kwenye bati: kwaru, kwaru, kwaru. Kisha kilio chembamba kama cha bawaba iliyokosa mafuta. Kisha kimya. Unavuta shuka, unamshukuru Mungu, unaanza kuirudia ndoto pale ulipoiachia. Hapo ndipo anapofungua koo.

Ni saa kumi na nusu alfajiri, upande wa Zone Industrielle unaotazama Buyenzi. Anayebweka hajatimiza miezi mitatu. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, la pili bado linafikiri. Kitanda chake ni katoni ya vipuri vya gari nyuma tu ya lango la lupango, kama tunavyouita huku kwetu ua wenye nyumba kadhaa. Nilimchukua mimi, kwa hiyo lawama zote zinabisha mlangoni kwangu.

Ya kwanza ililetwa na kijana wa chumba cha pili. Anafanya shifti ya jioni kiwandani, anarudi saa tano usiku, anaoga, anakula, analala saa sita. "Jirani," aliniambia, alama za mkeka bado ziko shavuni, "hata bosi wangu haniiti saa hizi."

Mhariri aliponikuta nimelaza kichwa juu ya meza saa nne asubuhi hakunigombeza. Alinipa kazi: kama huwezi kulala, andika kwa nini.

Jina la mbwa lilikuja lenyewe. Kwa Kirundi mtoto wa mbwa ni *ikibwana*. Sisi tuliolelewa na Kiswahili cha Buyenzi hatuwezi kulisikia neno hilo bila kucheka, maana kibwana kwetu ni bwana mdogo, na huko Mwambao ni jina la mtu kabisa. Basi akaitwa Kibwana. Wiki ya pili nikaanza kuona kwamba jina lilimstahili: anapiga kelele, watu wazima watatu wanainuka.

Jua halina hatia

Vitabu vya kufuga mbwa vilivyoandikwa Ulaya vina dawa moja wanayoipenda: pazia zito. Huko kwao wana haki. Mwezi wa Juni jua la London huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Desemba hungoja hadi saa mbili imepita. Mbwa akilifuata jua, nyumba nzima inamfuata mbwa.

Bujumbura iko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta. Hapa jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na tofauti kati ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa haifiki nusu saa. Saa kumi na nusu ya Januari ni giza, ya Julai ni giza vilevile. Nilitundika pazia siku mbili. Kibwana alilitafuna.

Kinachowahi huku kwetu ni sauti. Machi 2022 serikali iliziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria katika sehemu kubwa ya mji. Ukiongeza uhaba wa mafuta uliotuandama miaka hii, utaelewa kwa nini wafanyakazi wengi wanakuja kwa miguu. Mtu wa Kinama anayetakiwa kiwandani saa kumi na mbili hawezi kuondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu.

Kwa hiyo kandambili zinaanza kupita langoni kwetu giza likiwa bado zito. Nyuma yake buti za mpira. Nyuma yake lori linalotaka kuwa la kwanza mbele ya geti la kiwanda, dereva akiliacha linguruma. Huu ni mtaa wa kazi: Brarudi imekuwa ikitengeneza bia mjini hapa tangu 1955, na kreti za chupa zikigongana juu ya gari zina mlio ambao mtoto wa Bujumbura anaujua kama mlio wa sahani za mama yake. Upande wa ziwani wavuvi wa ndagala waliokesha na taa zao wanarudi nchi kavu. Kisha misikiti ya Buyenzi, mmoja baada ya mwingine.

Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa linavuka 40,000. Breki ya lori ambayo sisi tunaisikia ikikoroma tu, yeye huenda anaisikia ikipiga mluzi.

> Mtu wa Kinama anayetakiwa kiwandani saa kumi na mbili hawezi kuondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Mbwa amekwishamsikia.

Kibofu cha saa tatu na nusu

Sauti peke yake haitoshi, lakini. Mtoto wa mbwa hulala hata saa kumi na nane kati ya ishirini na nne, na anaweza kusinzia chini ya lori linalonguruma akiwa ameshiba na mkojo umetoka. Hapo kwenye mkojo ndipo wafugaji wengi tunapojidanganya.

Waganga wa mifugo wana hesabu nyepesi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kuvumilia. Si sheria, ni makadirio. Wakati ule Kibwana alikuwa na miezi miwili na nusu, kwa hiyo saa tatu na nusu. Mimi nilikuwa namtoa saa nne usiku na kurudi kulala kama mtu aliyemaliza wajibu. Kufikia saa saba na nusu kibofu kilikuwa kimejaa, na kilichobaki hadi saa kumi na nusu kilikuwa ni mateso yake na uharibifu wa katoni. Ya tatu ilikuwa imekwenda jalalani kabla sijapiga hesabu hiyo.

Vitabu hivyo hivyo vya Ulaya vinasema maji yaondolewe mapema jioni. Huku ziwani, kwenye joto letu, simshauri mtu. Mwachie maji mpaka wakati wa kulala, sogeza chakula cha mwisho kiwe saa moja jioni, halafu ukubali kwamba usiku wa manane mtu atainuka.

Nani? Hilo ndilo swali lililonipeleka dirishani.

Ndoo ya zamu

Huku kwetu mlinzi wa usiku anaitwa zamu. Neno la kazi limekuwa jina la mtu. Zamu wetu ni mzee wa makoti mawili, moja juu ya jingine, na kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguuni. Usiku wa Alhamisi nilizima taa, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia lililotafunwa, nikangoja.

Saa kumi kamili, kimya. Katoni haitikisiki. Miguu ya kwanza ilipita nje saa kumi na dakika kumi, wanawake wawili wakizungumza Kirundi cha chinichini. Katoni kimya.

Saa kumi na dakika ishirini zamu aliinuka. Alikung'uta makoti. Alichukua ndoo, akaenda kwenye pipa, na mpini wa ndoo ukagonga ukingo wa bati: tii.

Katoni ikaruka.

Akanawa uso. Akaketi. Akatoa kibakuli chake chenye kifuniko cha samawati, ndani ugali wa jana na ndagala. Tonge la kwanza akalila yeye. La pili akalikanda vizuri kwa vidole vitatu, akainama, akalipitisha chini ya ubao unaomfungia mbwa. La tatu lake. La nne la Kibwana. Ndagala mmoja mkavu akamgawanya sawa, kichwa kwa mbwa, mwili kwa mtu. Kisha akafunga kifuniko, na ilikuwa saa kumi na nusu, na bwana mdogo aliyeona meza imeondolewa akaanza kudai nyongeza kwa sauti yake yote.

Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa usagaji wa chakula, aliona mbwa wake wakidondosha mate kabla chakula hakijafika, kwa sababu walikuwa wamejifunza dalili zake. Baadaye aliwapigia metronomu, wakadondosha mate kwa metronomu. Zamu wetu hajapata kumsikia Pavlov. Ana ndoo.

"Mzee," nilimwambia kulipokucha, "kumbe wewe ndiye unayemwamsha."

"Mimi simwamshi, mwanangu," alisema. "Yeye ndiye ananiamsha mimi."

Akanieleza. Usingizi wa zamu hauji saa sita, unakuja saa tisa na kuendelea. Mwenye nyumba aliwahi kumkuta kidevu kimegusa kifua, na hatamkuta mara mbili akambakiza. Mwizi naye anaijua saa hiyo. Kiumbe kinachobweka saa kumi na nusu kinamweka mtu kazini mpaka kunapokucha. Na tonge, akaongeza kwa upole, ni la kwake, hakumwomba mtu.

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kushika. Mzee ana haki karibu kwenye kila neno, isipokuwa moja: mtoto wa miezi miwili na nusu si mlinzi. Mbwa huanza kulinda lango kweli baada ya miezi sita, wengine wakikaribia mwaka. Kabla ya hapo anabweka kwa ajili ya tonge, na mwizi mwenye tonge mfukoni atapokewa kama mjomba.

> "Mimi simwamshi, mwanangu. Yeye ndiye ananiamsha mimi."

Saba, na moja ya udongo

Upande wa tatu wa ugomvi huu unavaa kanzu nyeupe. Mzee wa chumba cha mwisho huondoka kwenda msikitini adhana ya alfajiri inapoanza, akiwa ameshatawadha chumbani. Asubuhi moja, nikiwa nimemfungulia Kibwana ili anyamaze, alivuka ua kwa furaha ya mtu aliyeona ndugu, akamlamba mzee mguu mzima, kutoka kidoleni hadi kifundoni.

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito. Mahali palipoguswa huoshwa mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Mzee alirudi. Nilimshikia birika. Alichota udongo kwenye kona ya ukuta, akausugua mguuni taratibu, akahesabu kwa midomo. Rakaa ya kwanza ya jamaa ilimpita, na mimi sikuwa na pa kutazama.

Nilitegemea aseme mbwa aondoke. Hakusema. Alinikumbusha kwamba dini imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na kwamba vijana wa Surat al-Kahf walilala pangoni na mbwa wao mlangoni. "Lakini yule," alisema, "alikuwa amelala." Ombi lake lilikuwa dogo: asifunguliwe mpaka watu wa msikitini wamerudi.

Kijana anataka kulala hadi kukuche. Zamu anataka sauti ya saa kumi na nusu. Mzee anataka ua usiwe na mbwa kati ya adhana na macheo. Mbwa ni mmoja.

Lango wazi ndilo hatari

Ushauri wa majirani wengine nitaupitia haraka. Mmoja alisema kamba fupi shingoni: analia zaidi, na usiku mmoja ataikosa pumzi. Mwingine fimbo: atajifunza kukuogopa wewe, saa ataiacha pale pale. Wa tatu, mjuzi, alisema nitafute mbwa asiyebweka, kwani wapo ng'ambo ya ziwa, Kongo. Ni kweli. Wazungu walipowapeleka Uingereza wakawaita *basenji*, jina ambalo msemaji wa Kiswahili atalitambua kwa uchungu kidogo, lile lile la mbwa wa kishenzi, na walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937. Lakini hata hao si mabubu. Huimba, kwa sauti ya ajabu, wanapotaka.

Ushauri wa nne ndio unaofuatwa zaidi mjini, na ndio unaoniogopesha: fungua lango, akimbie barabarani, atarudi. Kelele inaisha papo hapo. Kijana analala, na mzee anapita ua mtupu.

Na mtoto wa mbwa asiyechanjwa anakwenda gizani kukutana na mbwa wa jalalani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na kati ya kila kumi wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, tiba hakuna. Mkenya, Mtanzania na Mrundi wanaugua kwa njia ile ile, meno ya mbwa wa nyumbani. Lengo la dunia ni kufika 2030 bila mtu hata mmoja kufa kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa, na hesabu yake ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Kila lango linalofunguliwa saa kumi na nusu kununua usingizi wa saa moja linairudisha hesabu hiyo nyuma.

Chanjo ya kichaa hutolewa kwa kawaida mbwa akifikisha miezi mitatu. Akimuuma mtu kabla au baada, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Siku tisa

Tulikubaliana Ijumaa jioni, watu wanne na birika la chai. Katoni ikahamishwa kutoka langoni hadi ukuta wa nyuma karibu na jiko, gunia la mchele likaifunika pande tatu, si kwa ajili ya giza bali kwa ajili ya sauti. Zamu, ambaye kazi yake ni kuwa macho, akapewa kazi ya kumtoa saa nane usiku: anambeba hadi kwenye lundo la mchanga, hakuna taa, hakuna maneno, hakuna mchezo, anamrudisha. Maji ya kunawa yanachotwa jioni. Kibakuli kinaliwa nje ya lango. Na sharti gumu kuliko yote: hakuna anayemwendea akiwa anapiga kelele. Anaendewa akinyamaza, hata kama ni kwa hesabu ya kumi tu.

Siku ya kwanza alibweka dakika arobaini. Siku ya pili alizidi, na hapo watu wengi hukata tamaa wakisema dawa imegoma. Mteja aliyezoea kufunguliwa dirisha la duka usiku, siku ukimnyima hagongi kidogo, anagonga zaidi. Kijana alichukua mkeka wake akaenda kulala kwa kaka yake Bwiza.

Siku ya nne niliharibu mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, huruma ikanishika, nikamtupia kipande cha chapati saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Nililipa kwa siku mbili zilizofuata. Tonge la kila siku mbwa anaweza kulisahau likikoma. Tonge la mara moja moja linamfanya kama mcheza bahati nasibu, hakati tamaa kamwe. Zamu hakuniambia kitu. Alitazama tu chapati, kisha akanitazama.

Siku ya saba, saa kumi na moja. Siku ya tisa, saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, wakati barabara nzima inapita na hata jogoo anaona aibu. Alikwaruza bati mara tatu, akangoja. Nilihesabu hadi kumi nikaenda. Katoni ilikuwa kavu.

Zamu alibaki na shida yake ile ile ya usingizi wa saa tisa, na lilikuwa deni letu. Nilimnunulia saa ndogo ya betri soko la Ruvumera. Anaiweka mfuko wa koti la ndani, inamtetemesha ubavu saa kumi na nusu, hakuna anayeisikia ila yeye. Anasema haina shukrani kama mbwa.

Kijana amerudi na mkeka wake. Chanjo ya Kibwana ni Jumanne ijayo, siku atakayotimiza miezi mitatu. Ua sasa uko mtupu kati ya adhana na macheo, lango limefungwa na katoni imefunikwa gunia. Mzee wa kanzu bado anapita ukutani upande wa pili, fimbo ikiwa imetangulizwa.